Speshali si sapu, na ED peke yake haitoshi

Matokeo ya mitihani ya chuo yametoka na foleni mlangoni pa ofisi yangu imeanza. Kila mwaka kauli ni ileile: "Madam, mtihani ule niliukosa, lakini nina ED, nitafanya tu sapu." ED ni ile karatasi ya daktari ya kukupumzisha; sapu ni mtihani wa marudio. Juzi aliyeileta hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mama wa watu, ameshuka na gari la Noah alfajiri kutoka Rombo, ED ya mwanawe ameikunja vizuri ndani ya bahasha. Mtoto alimwambia mambo yameisha. Hayajaisha, na nimechoka kuona vijana wanaojua masomo yao wakiumizwa na imani hii.

Tuanze na hiyo sapu. Sapu ni ya aliyeingia mtihanini akafeli. Aliyekosa mtihani kwa sababu iliyokubaliwa na chuo anafanya speshali, na kwake huo ndio mtihani wa kwanza. Chanzo cha mkanganyiko nakijua: vyote viwili hufanyika wiki ileile, kabla ya mwaka mpya wa masomo kufunguliwa, mara nyingi chumba kimoja, na hata maswali yanaweza kuwa yaleyale. Ukichungulia dirishani huwezi kujua nani anafanya nini. Njoo kwenye alama sasa. Wa speshali alama zake za maendeleo, zile za kazi na majaribio ya muhula, zipo palepale. Kama ulikusanya 34 kati ya 40, unakwenda kutafuta zile 60 zilizobaki. Wa sapu, kwetu na katika vyuo vingi nchini, hata aandike vizuri kiasi gani, daraja halivuki C. Piga hesabu: A ina pointi 5, C ina 2. Somo la krediti 12 linakupa 60 ukipata A, na 24 ukipata C. Mtu anayewinda GPA, yaani wastani wa pointi, ya 4.4 ili atoke na daraja la kwanza, halafu anaomba "tu sapu", hajui anachokiomba.

Asiyeingia bila ruhusa, kwa kanuni zetu, hapati hata hiyo sapu. Anahesabiwa ametoroka mtihani, na anadisko, yaani anaondolewa chuoni.

Sasa ED. ED inaeleza kwamba daktari alikuona tarehe fulani akaona upumzike siku kadhaa. Ruhusa ya kukosa mtihani inatoka chuoni. Mtihani ulikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi, ED imeandikwa Alhamisi, na mwenyewe anaapa kwamba Jumatatu alikuwa hoi. Inawezekana kabisa. Lakini daktari wa Alhamisi hawezi kuishuhudia Jumatatu, na mganga wa chuo anayetakiwa kuithibitisha atauliza faili liko wapi, ulipimwa nini, dawa ulichukua wapi. Aliyelazwa hospitali ya Mawenzi ana majibu yote bila kuhangaika. Anayeninyima usingizi ni yule aliyeumwa kweli, akajifungia geto, chumba chake cha kupanga mtaa wa Majengo, na dawa za dukani, akaenda zahanati baada ya wenzake kumwambia karatasi inatakiwa. Huyo hadanganyi, ila karatasi yake haina tofauti na ya mdanganyifu. Kwenye kamati tumebishana sana juu ya watu wa namna hii, na sina hakika kwamba wote tuliwatendea haki.

Yupo pia anayejikaza: anaingia na homa, anasaini fomu ya mahudhurio, anajibu swali moja, anatoka, kesho yake analeta ED. Mwanangu, ukishasaini umefanya mtihani. Ukizidiwa chumbani nyoosha mkono, mwambie msimamizi aandike kwenye ripoti yake pamoja na saa, kisha nenda zahanati ya chuo muda huohuo. Mistari miwili ya msimamizi ina uzito kuliko ED ya kesho.

Mahudhurio ya vipindi sina mengi: chini ya asilimia 75 hukai mtihanini, na ED ya siku tatu haifuti wiki nzima nzima za kutoonekana darasani.

Msiba ndio mgumu. Kanuni inataja mzazi, mlezi, mwenzi, mtoto na ndugu wa tumbo moja. Huku kwetu kijana amelelewa na bibi Marangu tangu ananyonya, na bibi anazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, siku ya mtihani. Je, bibi huyo ni mlezi? Nasema ndiyo. Mwenzangu anataka uthibitisho wa malezi, tunaishia kumtuma mfiwa kwa mtendaji wa kijiji akatafute barua. Na baba mdogo aliyelipa ada miaka yote? Kanuni haimjui kabisa. Ningependa ibadilishwe, lakini mkiniuliza mpaka uwekwe wapi, sina jibu.

Sina jibu pia kwa yule anayefika mlangoni, mikono ikaanza kutetemeka, akageuka akaondoka. Hana homa wala kipimo. Namwelekeza kwa mshauri wa wanafunzi, na hospitali ya KCMC wapo madaktari wa afya ya akili, lakini kanuni zetu hazijamwekea nafasi inayoeleweka. Kwangu hilo ndilo pengo kubwa la kanuni hizo.

Barua iandikwe kabla ya mtihani. Isipowezekana, iwe ndani ya siku zilizotajwa kwenye kitabu cha kanuni ulichopewa mwaka wa kwanza. Iende kwa mkuu wa idara, nakala kwa mratibu wa mitihani. Ukiwa umelazwa, mtume CR, mwakilishi wa darasa, au mwenzako wa chumba ailete. ED inaweza kufuata. Na uliyemtuma asiondoke ofisini kabla nakala yako haijagongwa mhuri wa kupokelewa.