Lori la petroli likianguka, tokeni mtaroni

Tangu tuanze kampeni ya kuwasihi watu wasichote mafuta ya lori lililoanguka, kwenye masoko ya barabara ya Kisumu hadi Busia, swali ni lile lile: "Kama hakuna anayevuta sigara, hatari iko wapi?" Wanaouliza si watu wa shari. Baadhi yao walizika jamaa zao baada ya lori la petroli kulipuka Malanga, Siaya, Julai 2021. Na Sachangwan, kule Nakuru, zaidi ya watu 100 walikufa kwa mkasa kama huo Januari 2009.

Kinachowaka ni mvuke, na petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kujaa mtaroni, pale pale watu wanapoinama na mitungi. Ukifika kama asilimia 1.4 ya hewa, cheche ya plagi ya boda boda inatosha. Stata inatosha. Betri ya lori lililolala ubavu inatosha.

Baada ya hapo joto huvunja molekuli za mafuta na kuacha vipande visivyotulia. Atomu moja ya haidrojeni ikigonga oksijeni huzaa vipande viwili vipya, navyo hushambulia molekuli zilizo jirani, na kila zamu idadi huongezeka. Wanakemia Semyonov na Hinshelwood walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1956 kwa kuchunguza mifuatano ya namna hii. Siku hizi tunaihesabu kwa kompyuta: kwa gesi asilia tu, ambayo ni sahili kuliko petroli, modeli ya kompyuta iitwayo GRI-Mech 3.0 hufuatilia mimenyuko 325, yaani hatua za kikemia za kuungua. Yote hayo hupita kabla hujageuza shingo. Tafadhali, tuache kuambiana "nikiona moto nitakimbia".

Wapo pia wanaojitetea kwamba ni dizeli tu. Kweli, dizeli haitoi mvuke wa kutosha mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Lakini ikimwagikia ekzosi yenye joto kali hujiwasha bila cheche, kwenye nyuzi 210 hivi, mapema kuliko petroli, kwa kuwa molekuli zake ndefu zilizonyooka huungana na oksijeni kwa wepesi. Tena lori moja huweza kubeba zote mbili katika vyumba tofauti. Aliye mtaroni hajui ni kipi kimepasuka.

Utaratibu ni huu. Ondoka kuelekea upepo unakotoka. Pikipiki isukume, usiiwashe. Piga 999 au 112 ukishafika mbali, na usirudi mpaka zimamoto waruhusu.

Kuchota mafuta hayo ni wizi: kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo cha hadi miaka 3. Anayeyanunua akijua yametoka wapi huangukia kifungu cha 322, ambacho kinafika miaka 14. Ndiyo, mnunuzi hukabiliwa na kifungo kirefu kuliko mchotaji, na kusema "mimi sikuchota" hakutamsaidia mahakamani.

Viongozi wa steji za boda boda wanaotaka mafunzo wapitie kwa chifu wao. Tutakuja hadi stejini.