Pumzi Inayokatika Usiku na Presha Isiyoshuka

Mgonjwa akimeza dawa tatu za presha kila siku bila kuruka na presha bado haishuki, mimi humuuliza: unalala na nani, naye anasema unalalaje? Mara nyingi mke ndiye mwenye jibu. Mume anakoroma hadi chumba cha pili kinasikia, ananyamaza ghafla, kisha anashtuka akitafuta hewa.

Kimya hicho kinanitia wasiwasi kuliko mkoromo wenyewe. Misuli ya koo hulegea usingizini, njia ya hewa ikajifunga, pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa wenye hali kali hutokea mara 30 na zaidi kwa saa moja. Kila mara oksijeni hushuka, ubongo hushtuka, mwili humwaga homoni za dharura, mishipa hubana na presha hupanda. Moyo unakesha wakati mwenyewe anadhani amelala fofofo. Homoni hizohizo hulisukuma ini kutoa sukari na kuufanya mwili usiitikie vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari. Ndiyo maana tatizo hili huandamana na kisukari, kiharusi na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio.

Unene huchangia sana, hasa shingo inayozidi sentimita 43 kwa mwanamume au 40 kwa mwanamke. Ila mwembamba mwenye taya dogo naye hupata.

Huku kwetu ziwani tatizo hujificha kirahisi. Mvuvi wa dagaa anayekesha na taa majini akisinzia mchana, nani atashangaa? Dereva wa basi la Mwanza–Dar naye husema ni uchovu wa safari. Kwa mvuvi, mimi huangalia siku za mbalamwezi, anapopumzika na kulala usiku kama wengine. Kama hata siku hizo anaamka na kichwa kinauma na anasinzia akiongea na watu, aje tumpime. Dereva asisubiri hata kidogo, maana amebeba roho za watu.

Tiba kuu ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Daktari Colin Sullivan na wenzake waliitangaza mwaka 1981 huko Sydney, Australia. Usingizi wa mchana hupungua sana, wakati mwingine ndani ya siku chache. Presha hushuka kidogo, kwa wastani milimita 2 hadi 3 kwenye kipimo cha presha, na zaidi kwa wale ambao presha yao ilikuwa sugu. Kwa hiyo tafadhali usiache dawa zako.

Kuhusu kuzuia kiharusi na shambulio la moyo, lazima niseme ukweli. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, wenye watu zaidi ya 2,700 waliokwisha kuugua moyo au kiharusi, haukuonyesha kwamba mashine ilipunguza matukio hayo. Lakini washiriki waliivaa kwa muda wa saa 3 na kidogo tu kila usiku, na nusu ya pili ya usiku ndiyo yenye ndoto nyingi, pumzi inapokatika zaidi. Sukari nayo haishuki kwa uhakika kwa mashine peke yake, wala mashine haipunguzi kilo. Anayepunguza uzito ndiye anayegusa vyote vitatu: pumzi, presha na sukari. Mwishoni mwa 2024 Marekani iliidhinisha tirzepatide, sindano ya kupunguza uzito, kwa wanene wenye tatizo hili.

Najua mashine ni ghali na umeme hukatika. Wakati unajipanga, lala kwa ubavu, acha pombe jioni, na usimeze dawa za usingizi bila ushauri. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, ikibidi, na nenda na mtu anayekusikia usiku. Na ukipangiwa upasuaji, mwambie mtaalamu wa dawa ya usingizi mapema kwamba pumzi yako hukatika, kwa sababu dawa zake hulegeza koo hilohilo.