Maji ya hubloni: namna wanainywesha, na juu ya nini haimee kwetu Bukavu

Ule uchungu kidogo wenye unabakia ku ulimi kiisha kumeza bia ya Primus, hautoke ku mahindi wala ku mchele, unatoka ku hubloni, ua ya mmea moja yenye wanatia mu bia, ile wa Kenya na Tanzania wanaitaka hopsi. Na wala haiko mingi, bia ya kawaida mara mingi haikamate ata gramu 200 kwa lita 100. Kasiksi haina yayo kabisa, pale ni ndizi na mtama basi. Sasa watu wanaulizaka: huku Bukavu mvua inanyesha kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano, ziwa iko hapa chini, juu ya nini hubloni inatoka paka nje? Wanawaza kama mmea ya bia inaomba maji tu. Inaomba maji kweli, na mingi, lakini inaomba kwa wakati wake.

Tuanze na mmea yenyewe. Inapanda sawa maharage yetu ya miti, ila miti yake ni nguzo za mita 5 na nusu mpaka 7, na waya juu, na kila mwaka wanafunga kamba mpya toka juu mpaka chini. Ku Yakima, jimbo la Washington, kwenye Marekani inavunaka sehemu kubwa ya hubloni yake, kamba ile ni ya maganda ya nazi na inatoka kule Sri Lanka, mwendo yote ile juu ya kamba. Mizizi inabakia mu udongo miaka na miaka, lakini kila kitu ya juu inakufa wakati wa baridi na inaota tena mwezi wa tatu ao wa ine. Wanachagua machipukizi mbili ao tatu kwa kamba, wanazungusha vile mshale wa saa unazunguka, ukizungusha upande ingine inajifungua yenyewe. Wanalima ya kike tu, ya kiume wanang'oa, juu kitu yenye bulaseri inatafuta ni ile ua ya kike yenye iko na unga ya manjano ndani, lupulini, njo inaleta uchungu na harufu.

Sasa maji. Yakima iko kavu, mvua ni milimita 200 hivi kwa mwaka mzima, na hubloni inataka zaidi ya 600 kwa msimu moja. Yenye inakosekana inatoka ku theluji ya milima ya Cascade, inayeyuka, inaingia mu mabwawa matano makubwa, kisha mu mifereji mpaka ku mashamba. Na si wote wanapata sawa! Mwenye haki yake ya maji iko ya zamani, ya mbele ya tarehe 10 mwezi wa tano 1905, anakamata yake yote, wengine wanagawana yenye inabakia. Mwaka 2015 theluji ilikosa, hao wa nyuma wakapata 47% tu ya maji yao. Njo maana kunywesha hubloni kule haiko kufungua robine na kwenda kulala, ni hesabu.

Zamani walikuwa wanapitisha maji mu mitaro katikati ya mistari, leo wengi wanalaza tiyo ndogo yenye matundu karibu na mizizi, ao wanaifukia, maji inatoka tone kwa tone. Inapunguza kupoteza maji, ndiyo, lakini mi naona faida kubwa iko ku majani: inabakia kavu. Adui ya hubloni ni ukungu, na ile aina wanaita mildiu inataka jani yenye kulowana ili ishike. Juu ya ile wanatoaka pia majani ya chini, hewa ipite. Angre nayo wanaiyeyusha mu maji ileile ya tiyo.

Mwanzo wa msimu maji ni kidogo, mmea bado ndogo. Mwezi wa sita inakimbia, kuna siku inapanda ata sentimita 20 ao 30, na wa saba, wakati imefika ku waya na inatoa maua, njo kiu yake inakuwa kubwa kabisa. Ukiibania maji pale, maua inabakia ndogo na kilo zinapungua. Ukizidisha, mizizi inakosa hewa na inaoza. Kwa hiyo wanaweka vipimo mu udongo, ao wanachimba na mkono wanaangalia kama chini kunalowana. Angre ya azoti wanaimaliza mbele ya maua, juu ukiendelea kuweka unaalika wadudu na ukungu. Karibu na mavuno, mwezi wa nane na wa tisa, wanapunguza maji, mashini zisizame mu matope. Wanakata mmea mzima na kamba yake, maua wanakausha mu moto wa digrii 60 hivi mpaka maji ndani ibakie 10% tu. Kiisha pale wanamwagia tena kidogo, watu wengi wanasahauka hii, juu mizizi bado inaweka akiba ya mwaka wenye unakuja.

Ujerumani ni tofauti. Hallertau, kule Bavaria, mashamba mingi inategemea mvua, na 2022 jua ilipozidi, mavuno ya inchi yote ikashuka zaidi ya robo.

Sasa Bukavu. Tuko karibu na ekweta, siku yetu, maana mwangaza wa jua, ni masaa 12 hivi mwaka mzima, na hubloni inataka siku ndefu, masaa 15 na zaidi, ndio ipande vizuri mbele ya kutoa maua. Ukiipatia 12 inatoa maua ingali fupi, unavuna bure. Tena inapenda kulala mu baridi ya kweli. Ata Lubumbashi, yenye iko mbali na ekweta kutupita, siku haifikake masaa 13. Afrika Kusini, kule George, walitumikisha taa za kurefusha siku, kisha wakazalisha aina zenye kuvumilia siku fupi. Kwa hiyo mwenye kutaka kujaribu Kabare, anunue taa mbele ya tiyo, na ajue mvua ya miezi tisa itamletea mildiu.

Ila ile tiyo ya matone, hiyo ingetufaa. Tomati mu bonde la Ruzizi inashikwaka na ukungu vilevile ukiimwagia maji juu ya majani.