Kupee za zamani kwenye yadi za skrepa: yanayoaminika na yaliyo kweli

Kwenye yadi za skrepa za Marekani, hasa katika majimbo makavu kama Arizona, bado yapo magari ya miaka ya 1930 na 1940 yaliyolala mchangani bila injini, bila vioo, mengine hata bila milango. Wapenzi wa hotirodi, yaani magari ya zamani yanayokatwa na kujengwa upya kwa ajili ya mwendo na sura, huyafuata kwa ajili ya bodi ya kupee, yaani gari la milango miwili lenye paa fupi na nyuma ndefu. Hasara nyingi huanzia hapo hapo getini. Mtu hununua kwa jina alilotajiwa, kesho yake anawasha grainda, na akishakata ndipo anagundua kwamba bodi aliyonayo siyo aliyoidhania. Bodi halisi za kiwandani za miaka ile haziongezeki, na kila moja inayokatwa kwa kutojua imepotea moja kwa moja. Ndiyo maana naona ni heri kuyasema haya kabla mtu hajagusa chuma.

Dhana: kila gari la zamani la milango miwili ni kupee

Siyo. Ford walikuwa na Tudor, sedani ya milango miwili, na yadi zina Tudor nyingi kuliko kupee. Tudor ina kiti kamili cha nyuma, na paa lake linakwenda nyuma hadi karibu na mwisho wa gari. Kwenye kupee, paa linakatika muda mfupi baada ya mlango, kisha inafuata nyuma ndefu yenye buti, au kiti cha nje kinachofunguliwa kutoka humo. Kwa hiyo kuhesabu milango hakutoshi. Simama ubavuni mwa gari, tazama umbali kati ya ukingo wa nyuma wa mlango na kioo cha nyuma. Ukiwa mrefu kiasi cha mtu mzima kukaa humo na kunyoosha miguu, hiyo ni sedani.

Majina ya viwandani nayo hayaaminiki. Chevrolet waliuza Delray Club Coupe kuanzia 1954 hadi 1957, na chini ya jina hilo kulikuwa na bodi ya sedani ya milango miwili iliyopambwa ndani. Upande wa pili, Fleetline Aerosedan yao ya 1942 iliitwa sedani, ilhali paa lake linateremka hadi kwenye bampa la nyuma na wengi wakiiona leo huiita kupee bila kusita. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilikuja kuweka kipimo: nafasi ya nyuma ikiwa chini ya futi za ujazo 33, gari ni kupee, ikifika hapo au kuzidi, ni sedani. Kipimo hicho kilikuja miongo mingi baadaye, na waliochora bodi za 1932 hawakukijua.

Dhana: kupee ya vioo vitatu na ya vioo vitano zinatofautiana kwa vioo tu

Kwanza hesabu yenyewe. Kioo cha mbele hakihesabiwi. Kupee ya vioo vitatu ina vioo viwili vya milango na kimoja cha nyuma. Ya vioo vitano inaongeza vioo viwili vidogo vya pembeni, nyuma ya milango. Wanaojumlisha kioo cha mbele hupata vinne au sita, kisha hubishana bure na muuzaji.

Lakini tofauti inaingia ndani zaidi ya vioo. Chukua Ford ya 1932, gari linaloheshimiwa kuliko yote katika fani hii. Ile ya vioo vitatu ina bawaba nyuma ya mlango, kwa hiyo mlango unafunguka kinyume. Ya vioo vitano ya mwaka huo huo ina bawaba mbele kama kawaida. Milango haibadilishani, nguzo hazifanani, paa halifanani. Mtu aliyepata bodi ya vioo vitano akadhani ataziba vile vidogo kwa bati na kupata ya vioo vitatu, ataishia na gari ambalo mjuzi yeyote atalitambua kutoka ng'ambo ya barabara.

Hata hivyo usiichukue milango inayofunguka kinyume kama alama ya vioo vitatu popote uionapo, maana mwaka 1933 na 1934 Ford walifanya hivyo kwa vioo vitatu na vitano pia. Na miaka hiyo miwili yenyewe watu huichanganya. Boneti ya 1933 ina matundu ya hewa yaliyopinda na mshikio mmoja kila upande. Ya 1934 ina matundu yaliyonyooka na mishikio miwili. Kama boneti haipo, na kwenye yadi mara nyingi haipo, tafuta sho, yaani grili ya mbele: ya 1933 imepinda kwa mbele, ya 1934 imenyooka zaidi. Kutofautisha 1932 na hizo mbili ni rahisi, kwa sababu chesisi yake ni fupi, inchi 106 kati ya ekseli na ekseli, wakati iliyofuata ilifika 112.

Ukikuta tangi la petroli limejengwa ndani ya bodi yenyewe, kati ya injini na dashibodi, hiyo ni Ford Model A ya 1928 hadi 1931. Mwaka 1932 tangi lilihamia nyuma. Alama hii moja hubaki hata bodi ikiwa imeporwa kila kitu.

Dhana: paa la kitambaa lenye vyuma vya kukunjia ubavuni maana yake linakunjika

Ford Model A ya aina ya Sport Coupe ina vyuma vilivyopinda kama herufi S pembeni mwa paa, na paa limefunikwa kitambaa. Vyuma hivyo ni pambo. Paa halikunjiki hata kidogo. Inayokunjika ni Cabriolet, na bei zake ni nyingine. Kabla ya kulipa, ingiza mkono chini ya kitambaa: ukikuta kiunzi kisichosogea, umeshapata jibu.

Dhana: magari ya zamani yalikuwa chuma kitupu

Dhana hii imewatia watu hasara kubwa. Bodi za Chevrolet na ndugu zake wa General Motors, zilizotengenezwa na Fisher Body, zilikuwa na kiunzi cha mbao kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1930. Bati limepigwa misumari juu ya mbao. Kwa nje unaona chuma, unagonga kinalia chuma, lakini nguzo zinazobeba milango ni mbao ngumu iliyokaa mvuani miaka themanini. Ikishaoza, milango inashuka, paa linalegea, na bati linabaki ganda lisilo na mifupa. Chevrolet ilifikia bodi ya chuma kamili mwaka 1937.

Ford nao walitumia mbao, ila kidogo zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya hotirodi nyingi za zamani kuwa Ford. Fundi aliyezoea kunyoosha bodi kwa nyundo na gesi ataimudu Ford ya 1934. Chevrolet ya mwaka huo inamtaka awe seremala pia.

Mapaa nayo yana hadithi yake. Sehemu ya katikati ya paa la Ford za hadi 1936 haikuwa bati. Ilikuwa tundu kubwa lililozibwa kwa kitambaa kisichopitisha maji. General Motors walileta paa la bati moja mwaka 1935 wakaliita Turret Top, Ford wakafuata mwaka 1937. Kwa hiyo ukiona tundu la mstatili juu ya kupee ya 1932, usidhani kuna mtu amelikata. Ndivyo ilivyotoka kiwandani.

Dhana: namba ya chesisi itakuambia ni bodi gani

Kwa Ford za kabla ya Vita Kuu ya Pili, namba iliyogongwa juu ya reli ya kushoto ya chesisi haisemi chochote kuhusu bodi. Namba ya V8 ya 1932 huanza na 18, iwe lilikuwa kupee, Tudor au rodista, yaani gari la wazi lisilo na paa la kudumu. Namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 tunayoizoea leo ilianza kwa magari ya 1981. Bodi ya Ford ya zamani utaisoma kwenye chuma chenyewe: nguzo, bawaba, mkunjo wa paa. Kwa magari ya General Motors kuna kibati cha Fisher Body kwenye ukuta wa injini chenye namba ya mtindo wa bodi, na hicho kinasaidia sana, mradi kiwe na misumari yake ya asili.

Namba ya chesisi bado ina kazi, maana katika majimbo mengi hati ya umiliki inaifuata hiyo. Bodi nzuri juu ya chesisi isiyo na namba ni matatizo ya ofisini yatakayokufuata. Na siku hizi inabidi kuuliza pia kama bodi yenyewe ni ya zamani: kampuni ya United Pacific ya California hutengeneza bodi mpya ya chuma ya Ford 1932 ya vioo vitano. Ni bodi halali na nzuri, lakini hupaswi kuilipia kama ya kiwandani ya mwaka ule. Zile za faiba, sumaku itazifichua mara moja.

Dhana: kushusha paa ni kukata inchi tatu kila nguzo na kuchomelea

Hapa ndipo bodi nyingi zinapofia.

Nguzo ya gari haisimami wima. Ya mbele inalala kuelekea nyuma, ya nyuma inalala kuelekea mbele, na zote zinaegemea ndani kidogo. Ukiondoa kipande na kulishusha paa wima, ncha zake zinaangukia ndani ya visiki vilivyobaki: paa limekuwa fupi na jembamba. Pengo hutegemea mlalo. Nguzo iliyolala nyuzi 10 tu, ukikata inchi tatu, inakosana na kisiki chake kwa takriban nusu inchi, na hiyo unaweza kuivuta. Iliyolala nyuzi 45 inakosana kwa inchi tatu kamili. Huwezi kuvuta inchi tatu.

Ndiyo maana kupee ya 1932, ambayo nguzo zake zinakaribia wima, ni shule nzuri ya mwanzo, na Mercury ya 1949 hadi 1951, iliyojaa mviringo, ni kazi ya mabingwa. Kwa magari ya namna hiyo fundi hupasua paa lenyewe katikati na kuongeza bati, au hulaza nguzo za mbele zaidi, au huhamisha kioo cha nyuma kizima na kukilaza. Mara nyingi mbele na nyuma havikatwi kipimo kimoja. Jicho ndilo linaloamua mstari, kwa hiyo wajuzi hupiga picha ya ubavuni, wakaikata karatasi na kuipanga upya kabla ya kugusa gari.

Kabla ya kukata, chomelea fito za chuma ndani ya gari, toka nguzo hadi nguzo na kwa mshazari, milango ikiwa imefungwa na nafasi zake zimepimwa. Bila fito hizo, bodi inafunguka ukishaondoa paa, na milango haitafunga tena kama zamani. Kata mbali na bawaba na kitasa. Vioo navyo vifikirie mapema: kioo bapa cha tabaka mbili hukatwa kwa kipimo kipya, lakini kilichoimarishwa kwa moto hupasuka chote ukikigusa na kisu.

Dhana: aliyekata paa ameua thamani ya gari

Inategemea nani amekata na nini kilikatwa. Mercury ya 1951 ambayo mafundi ndugu Sam na George Barris walimtengenezea Bob Hirohata ilishushwa paa na kuondolewa nguzo za kati kabisa. Mwaka 2017 iliingizwa kwenye rejista ya taifa ya magari ya kihistoria ya Marekani, na Januari 2022 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2. Msimamo wangu ni huu: kupee iliyo kamili, yenye vipande vyake vya asili, iachwe ilivyo. Ikate ile ambayo paa limeshabonyezwa na mti au kutoboka kwa kutu.

Wala kupee hazikuwa kipenzi tangu mwanzo. Chama cha Southern California Timing Association, kilichoanza mwaka 1937, kiliendesha mashindano yake ya awali kwa ajili ya rodista, na kupee hazikupewa nafasi. Baada ya vita chama cha Russetta kikazikubali, na vijana wakaanza kushusha mapaa ili kupunguza upepo unaogonga uso wa gari. Kukata paa kulianza na mwendo, urembo ukafuata.

Dhana: yadi ikiwa na kupee, basi inauzwa, na lazima upate kupee kupata spea

Old Car City, kule White, Georgia, yenye magari zaidi ya 4,000 msituni, iligeuzwa makumbusho: mtu alilipa kiingilio, akapiga picha, akatoka. Uliza kwanza kabla ya kufunga safari na winchi.

Na ukifika kwenye yadi inayouza, usiyapite magari ya milango minne. Kwa kawaida, kuanzia ukuta wa injini kwenda mbele, sedani na kupee za mwaka na daraja moja hutumia boneti, madigadi, sho na bampa zile zile. Zingatia neno daraja: Ford ya 1940 ya Standard na ya Deluxe zina boneti na sho tofauti. Sedani ya milango minne huuzwa kwa bei ya chini sana kwa sababu hakuna anayeitamani, na madigadi yake ya mbele yatakaa kwenye kupee yako kwa boliti zile zile.