Mstari wa nne kwenye tao la Severus

Anayefika Forum ya Roma, uwanja mkuu wa mji wa kale, kwa mara ya kwanza hulitazama Tao la Septimius Severus, mfalme wa Warumi, kwa jumla: milango mitatu, nguzo nne kila upande, kimo cha karibu mita 21, na picha za vita zilizochongwa juu ya milango ya pembeni. Kazi yangu ni uhifadhi wa majengo ya mawe, na mimi huanza na maandishi yaliyo kileleni. Si lazima ujue Kilatini. Hesabu mistari kutoka juu, ukifika wa nne simama, uangalie matundu.

Herufi zile zilikuwa za shaba. Fundi alichimba kwanza umbo la kila herufi ndani ya marumaru, akatoboa matundu, kisha akaipachika herufi kwa vishikizo. Shaba yenyewe iliporwa zamani. Zimebaki alama zake, na kwenye mstari wa nne kuna matundu yasiyolingana na herufi tunazozisoma leo. Hayo ni ya jina lililokuwepo kabla.

Tao lilizinduliwa mwaka 203 kuadhimisha ushindi dhidi ya Waparthi, dola hasimu ya mashariki, kwa heshima ya Severus na wanawe wawili, Caracalla na Geta. Severus alifariki mwaka 211 akiwa York, Uingereza, akawaachia vijana wake ufalme watawale pamoja. Mwaka haukuisha. Mwezi Desemba Caracalla alimuua mdogo wake, na mwanahistoria Cassius Dio, aliyeishi zama hizo, anasema Geta alifia mikononi mwa mama yao, Julia Domna. Kisha ikatoka amri jina la Geta lifutwe kila mahali. Mafundi wakapanda juu ya tao, wakang'oa jina na cheo chake, na pengo lililobaki wakalijaza kwa maneno ya kuwasifu Severus na Caracalla kuwa watawala bora na mashujaa kupita wote. Sifa hizo zipo pale kwa sababu nafasi ilibaki wazi. Wataalamu wa maandishi ya kale walifuata matundu, tundu kwa tundu, wakalisoma tena jina la Geta.

Ndiyo maana nasema tao la ushindi lisomwe kama hati iliyohaririwa. Mfalme aliyelijenga alitaka tuone jambo moja. Waliokuja baada yake waliacha mikwaruzo yao, na mara nyingi mikwaruzo ndiyo inayosema kweli.

Mwendo mfupi kutoka hapo, ubavuni mwa kanisa la San Giorgio in Velabro, kuna lango dogo lililojengwa mwaka 204 na wabadilisha fedha na wafanyabiashara wa ng'ombe kwa heshima ya familia hiyohiyo. Watalii wengi hulipita. Ingia chini yake: upande mmoja Severus na Julia Domna wanatoa sadaka, na pembeni mwa Julia kuna jiwe tupu, limechongwa likabaki ukuta mtupu. Ndipo alipokuwa Geta. Upande wa pili Caracalla yuko peke yake, kwa kuwa mkewe Plautilla na baba mkwe wake Plautianus nao walifutwa baada ya kuangamizwa. Sijui mahali pengine ambapo kutokuwepo kwa watu kunaonekana wazi namna hii.

Severus alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Leptis Magna, katika Libya ya leo, na mji wake ulimjengea tao la pande nne kwenye makutano ya barabara kuu mbili. Ndani ni mawe ya chokaa, nje limevikwa marumaru iliyoletwa kwa meli. Limeinuliwa juu ya ngazi, hivyo mikokoteni haikuweza kupita katikati. Katika mojawapo ya picha zake Severus anashikana mkono wa kulia na Caracalla, na Geta amesimama kati yao, ishara ya umoja wa familia. Ukishajua yaliyotokea Desemba ile, picha hiyo ni ngumu kuitazama. Leptis Magna iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1982, na mwaka 2016 ikawekwa kati ya maeneo yaliyo hatarini.

Sasa suala la ukarabati, ambalo ndilo linaloninyima usingizi. Tao la Tito, lililojengwa Roma mnamo mwaka 81, lilimezwa na ngome ya ukoo wa Frangipane katika zama za kati. Ngome ilipobomolewa, tao lilibaki limechakaa vibaya. Katika miaka ya 1820 Giuseppe Valadier alilikamilisha, lakini sehemu mpya alizijenga kwa travertini, aina ya jiwe la chokaa, badala ya marumaru, na nguzo mpya akaziacha bila mifereji. Ukiwa mbali unaona tao zima. Ukisogea, unatofautisha jiwe la Warumi na jiwe la Valadier bila kuuliza mtu. Kwangu huo ni uaminifu wa kiufundi, na bado haujapitwa na wakati.

Palmyra, mji wa kale nchini Syria, ndiko uaminifu huo unakohitajika leo. Tao lake, la enzi hizo za Severus, lilijengwa kwa umbo la kabari ili kuficha mahali barabara ya nguzo inapopinda. Anayetembea haoni kona, anaona lango tu. Oktoba 2015 wapiganaji wa Daesh, kundi lijiitalo Dola la Kiislamu, waliliripua. Aprili 2016 nakala yake ndogo, iliyochongwa kwa mashine katika marumaru ya Misri, ilisimamishwa Trafalgar Square, London. Nakala inasaidia watu kukumbuka, lakini haina jiwe hata moja la Palmyra ndani yake.

Mimi nipo upande wa kulijenga upya palepale, kwa mawe yaliyoanguka. Kila kipande kipimwe, kipewe namba na kurudishwa mahali pake kabla ya kuchonga chochote kipya. Mawe ya kujazia yawe ya aina nyingine, au yaachwe bila nakshi kama alivyofanya Valadier, ili anayepita chini yake aone ni wapi mlipuko ulipopiga.