Kusaga meno usiku si minyoo

Jijini Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, mtoto akisaga meno usiku hukimbiziwa albendazole ya miligramu 400. Dawa hiyo huua minyoo, na kandokando ya ziwa minyoo wapo kweli, ila meno yataendelea kulia krr krr. Msuli wa taya hukazwa na ubongo unapozinduka kidogo usingizini, minyoo hawahusiki. Watoto wengi huacha wenyewe wanapokua.

Mtu mzima anayesaga meno apunguze kahawa na pombe jioni. Akikoroma huku pumzi ikikatika, amwone daktari. Kinga ya plastiki ya kuvaa menoni usiku, inayotengenezwa kwa vipimo vya meno yake, haizuii kusaga, inazuia meno kulika. Mchana, midomo ifumbwe, meno yaachane, ncha ya ulimi itulie nyuma ya meno ya juu.