Dizeli kutoa moshi mweusi sio kawaida yake

Wengi tumekua tukisikia gari la dizeli lazima litoe moshi mweusi, ndo ujue injini ina nguvu, na lisipotoa moshi basi ni safi kabisa. Imani hii inaeleweka, malori mengi ya zamani tuliyoyaona yakipanda mlima yalikua hivyo hivyo.

Ila ule weusi ni masizi, yaani dizeli ambayo haikuungua ikaisha, mafuta mengi hewa kidogo. Mara nyingi ni eya klina (chujio la hewa ya injini) imeziba vumbi, au nozeli zinazoingiza dizeli kwenye injini zimechoka zinadondosha matone badala ya kupuliza ukungu, au pampu ya dizeli imefunguliwa kupita kiasi, kwa hiyo hapo unachoma na hela yako. Gari la miaka 20 lililotunzwa linaweza kupita ukaguzi na jipya zaidi likafeli.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata moshi usipoonekana bado kuna gesi na chembe za chini ya maikromita 2.5, wakati unene wa unywele ni kama maikromita 70, na chembe hizo zinaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, na watoto wanaosubiri basi kituoni wanavuta hizo hizo.

Ukitaka kujionea, injini ikishapata moto weka gia huru, mwenzako akanyage mafuta ghafla, wewe simama pembeni mahali pa wazi. Weusi ukikazana kutoka, anza na eya klina, ichomoe uimulike na tochi kwa ndani, mwanga usipopita imeziba. Moshi wa bluu ni oili inaungua, huo mpelekee fundi.